Theluji mlimani, mvua ya mawe Kansas: ni dhoruba moja?

Swali: Mimi ni dereva wa lori, naishi Aurora, Colorado. Aprili iliyopita niliteremka kutoka handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70, theluji imejaa kiooni. Saa tano baadaye, karibu na Goodland, Kansas, nikapigwa na mvua ya mawe yenye radi. Wenzangu wanasema hizo ni dhoruba mbili. Ni kweli? Na nitajuaje kabla sijatoka?

Jibu: Ni dhoruba moja, ndugu yangu, nawe uliipita kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Machi na Aprili baridi ya kaskazini haijaondoka Marekani, na joto la kusini limeshaanza kupanda. Upepo wa juu unaotoka Pasifiki huvuka milima ya Rocky na kuporomokea mashariki. Hapo, mara nyingi kusini-mashariki mwa Colorado, mgandamizo wa hewa hushuka, na upepo huanza kuzunguka kitovu cha mgandamizo huo mdogo kinyume cha mishale ya saa. Utakachokipata hutegemea uko upande gani wa mzunguko huo, na kwenye kimo gani.

Kaskazini mwa kitovu, upepo wa mashariki huisukuma hewa yenye unyevu ipande milima, ipoe, na unyevu wake udondoke kama theluji. Kwa wastani, kila kilomita moja ya kimo hupunguza nyuzi 6.5 za Selsiasi. Ndiyo maana Moshi watu hutoka jasho na Kibo kuna barafu. Eisenhower iko mita 3,400 hivi, Goodland 1,100. Kimo peke yake kinatosha kuleta tofauti ya nyuzi 15.

Kusini-mashariki mwa kitovu mambo ni mengine. Hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hupanda hadi Kansas, na juu yake hutanda hewa kavu ya moto kutoka jangwani, kama kifuniko cha sufuria. Mvuke hujazana chini asubuhi nzima. Alasiri kifuniko kikiachia, wingu hukwea kilomita 12 kwa muda mfupi sana. Ndani yake mawe hurushwa juu, yakipakwa maji yanayoganda, mpaka uzito wao uushinde upepo. Ukipasua jiwe kubwa utaona pete nyeupe na pete angavu, kama kitunguu.

Mimi nawahofia madereva zaidi pale katikati. Huenda ulipopita mji wa Limon, kati ya Aurora na Goodland, jua liliwaka na upepo mkavu ukawa unalisukuma trela. Huo ni ulimi wa hewa kavu unaoingia karibu na kitovu, na humfanya mtu aamini kwamba yameisha. Kumbe mbele kuna radi, na kitovu kikisogea mashariki, theluji hushuka nyuma yako kwenye tambarare yenyewe. Anayegeuza kurudi nyumbani hukutana nayo.

Tarehe 13 Machi 2019 Denver iliamkia mvua, na kabla ya jioni ilikuwa theluji ya upepo mkali isiyoruhusu kuona mbele. Mgandamizo ulishuka hadi milibari 970 hivi karibu na Lamar, kusini-mashariki mwa Colorado. Dhoruba hiyohiyo ilileta tonado (upepo wa kisulisuli mkali unaoshuka kutoka winguni hadi ardhini) New Mexico jioni ya kuamkia siku hiyo, na mafuriko makubwa Nebraska.

Kabla ya kutoka, angalia joto la umande la Kansas magharibi, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa matone; likiwa juu, hewa ina unyevu mwingi. Likifika nyuzi 55 hadi 60 za Farenhaiti (13 hadi 16 za Selsiasi) na upepo unatoka kusini-mashariki, tegemea radi alasiri. Soma pia matangazo ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa: tahadhari (kwa Kiingereza “watch”) maana yake mazingira yameiva, onyo (“warning”) maana yake jambo limeonekana au liko karibu kabisa, tafuta pa kujikinga sasa. Tonado ikitangazwa, tafadhali usiegeshe chini ya daraja la barabara. Upepo hubanwa pale na kuongeza kasi, na waliosimama nyuma yako hukosa njia. Toka mapema, uingie kwenye jengo imara la kituo cha malori.