Kusoma medali ya mpanda farasi wa kujitolea: ushauri kwa wanaoanza

Wewe unayeanza kuchunguza utumishi wa askari aliyepigana katika Vita vya Makaburu (1899–1902), kati ya Waingereza na Makaburu wa Afrika Kusini, nakusihi uanzie kwenye ukingo wa medali yake. Sura ya Malkia Victoria iliyo usoni ni ile ile kwa maelfu ya watu, lakini ukingoni ndipo palipopigwa namba, cheo na jina la mwenyewe. Na kwa askari wa Imperial Yeomanry, kikosi cha Kiingereza cha wapanda farasi wa kujitolea, namba ya kompania iliyoandikwa hapo itakuongoza hadi kwenye batalioni yake na njia iliyopita.

Kikosi hicho cha kujitolea kiliundwa kwa amri ya kifalme ya tarehe 24 Desemba 1899, siku chache baada ya Waingereza kushindwa Stormberg, Magersfontein na Colenso ndani ya juma moja. Aliyetaka kujiunga alipaswa kujua kupanda farasi na kulenga shabaha. Tumezoea kuwaita wapanda farasi, lakini farasi aliwafikisha tu vitani. Walipofika walishuka na kupigana kwa bunduki, na ni vema ulikumbuke hilo kabla hujaandika habari za mapanga.

Kazi ngumu zaidi ni kusoma vibao vya fedha vilivyofungwa kwenye utepe, kila kimoja kikiwa na jina la pigano au la eneo. Niliwahi kuandika kwamba askari mmoja hakufika Orange Free State, dola mojawapo ya Makaburu, kwa sababu medali yake haikuwa na kibao chenye jina hilo, na nililazimika kuirudia kazi yote. Alikuwa na kibao cha Wittebergen, mahali palipo ndani ya dola hiyo, na kanuni ilisema kwamba aliyepata kibao cha pigano lililofanyika ndani ya dola fulani hapewi tena kibao cha dola hiyo. Tena Wittebergen haithibitishi kwamba alifyatua risasi hata moja: kibao hicho kilitolewa kwa waliokuwa ndani ya mstari uliochorwa kwenye ramani kupitia Harrismith, Bethlehem, Senekal na Clocolan, kisha ukarudi kwa kufuata mpaka wa Basutoland (Lesotho ya leo), kati ya tarehe 1 na 29 Julai 1900. Na ukiona medali yenye Cape Colony na Natal kwa pamoja, ishuku, kwa kuwa kanuni haikuruhusu mtu mmoja apewe vyote viwili.

Usimdharau pia asiyekuwa na medali ya pili, ile ya Mfalme Edward VII. Ilidai miezi 18 ya utumishi na kuwapo Afrika Kusini mwaka 1902, ilhali wengi wa kundi la kwanza la Yeomanry walikuwa wamekwisha kurudi makwao mwaka 1901.

Baada ya hapo nenda kwenye nyaraka zilizohifadhiwa Kew, London: orodha za medali zimo katika mfululizo wa WO 100, na hati za kujiandikisha za Yeomanry zimo katika WO 128. Katika orodha, usiishie kwenye jina na vibao. Soma safu ya maelezo, hata kama mwandiko umefifia. Zaidi ya nusu ya Waingereza waliokufa katika vita hivyo waliuawa na maradhi, hasa homa ya matumbo, na batalioni ya 13 ya Yeomanry ilisalimu amri Lindley tarehe 31 Mei 1900. Kufa hospitalini, kutekwa au kurudishwa nyumbani mgonjwa ni mambo ambayo hayakupewa kibao chochote, na mara nyingi ndiyo yaliyojaza miezi ya mtu huyo vitani.