Kadi ya ziada mkononi: mwamuzi afanye nini?

SWALI: Nimeombwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya kadi za Magic: The Gathering hapa Nyali. Mchezaji akivuta kadi moja zaidi, nimtoe? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Usimtoe, ndugu. Simamisha mchezo, sikiliza pande zote mbili. Ikiwa ni bahati mbaya, adhabu ni onyo, hata kwenye mashindano makali. Kwenye mashindano makali hayo, kadi ikishachanganyika na nyingine za mkononi, mchezaji anaonyesha kadi zote alizoshika, mpinzani anachagua moja, nayo inachangwa tena ndani ya fungu analovutia kadi. Waamuzi wapya hupenda kuchagua wao. Usithubutu! Aliyedhurika ni mpinzani. Kutolewa ni kwa anayedanganya makusudi.

Raundi huwa ya dakika 50. Uamuzi ukizidi dakika 1, waongezee muda huo.

Jambo linalosahaulika sana hapa Pwani ni unyevu. Kadi zenye kung'aa hupinda, mchezaji akazitambua ndani ya fungu bila kuzitazama. Kagua kabla ya raundi ya kwanza: fungu analokuja nalo mchezaji kutoka nyumbani lisipungue kadi 60, na iliyopinda ibadilishwe. Feni nazo zisielekee mezani.