Mchezo Umekuchosha? Toka Wakati wa Mapumziko

Ukitaka kutoka ukumbini, toka wakati wa mapumziko. Hilo ndilo jibu ninalompa kila anayeniuliza afanye nini mchezo wa jukwaani ukimchosha, na wanaoniuliza si wachache, maana wanajua napenda michezo ya kuigiza na wanajua pia kuwa si kila mara nakaa mpaka mwisho. Wakati huo taa zinawaka, watu wamesimama, nusu wanakwenda msalani na nusu wanatafuta soda. Unachukua mkoba wako, unashuka ngazi, unaita bodaboda. Waigizaji wako nyuma ya pazia, hawakuoni, na jirani yako anapata kiti cha kuwekea koti.

Rahisi hivyo, lakini watu hawaondoki. Wengi watakuambia ni heshima kwa wasanii. Mimi nadhani ni hela. "Nimelipa, lazima niutazame wote." Mwaka 1985 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha utafiti unaonihusu kabisa. Katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Ohio, watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima waligawanywa bila wao kujua: wengine walilipa bei kamili ya dola 15, wengine walipunguziwa dola 2, wengine dola 7. Michezo ni ileile na ukumbi ni uleule. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi kuliko waliopunguziwa. Yaani pesa iliyokwisha kutoka mfukoni ndiyo iliyokuwa ikiwaamulia jioni zao.

Pesa hiyo hairudi ukikaa, na ukitoka pia hairudi. Kilichobaki mkononi mwako ni muda wa saa moja na ushei usiku huo, pamoja na usingizi wa kesho yake. Kwa hiyo najiuliza hivi: kama mtu angesimama pale mlangoni akigawa sehemu ya pili bure, ningeingia? Nikiona ningepita zangu, basi napita zangu. Nikiona ningeingia japo kwa shingo upande, narudi kitini.

Labda mimi napata wepesi kwa sababu nimekulia Dar es Salaam ya miaka ya tisini, vikundi vya maonyesho vya Muungano na TOT vilipokuwa vikichuana. Onyesho la Jumapili lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, taarabu. Igizo likipooza, watu waligeuza viti wakaendelea na mazungumzo yao, wengine wakafuata mishikaki. Mpasho ukianza walirudi mbele na noti mkononi kutunza. Hakuna aliyeitwa mshenzi kwa kwenda na kurudi. Wasanii walijua kuwa macho ya watu hayafungwi kwa kamba, wakajituma.

Adabu ya kukaa kimya gizani nilikuja kukutana nayo Nairobi, nilipoanza kwenda Kenya National Theatre, jengo lililofunguliwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni. Lakini hata huko Uingereza adabu hiyo haikuwapo tangu enzi. Katika ukumbi wa Globe wa London, alikoonyesha Shakespeare, watu wa tiketi ya peni moja walitazama wakiwa wamesimama, mchana kweupe, na hawakuwa watu wa kunyamaza. Sisemi turudi huko. Kuna michezo iliyoandikwa kwa ajili ya ukimya, na mtu mmoja anayefungua pakiti ya njugu anaweza kuiua. Nasema tu kwamba anayetoka hajavunja mila ya mababu wa mtu yeyote.

Sasa, kabla hujainuka, jua kwanza ni kitu gani kinachokukera. Wakati mwingine ni wewe. Umetoka kazini, umekaa kwenye foleni ya Thika Road, hujala tangu saa saba mchana. Hapo hata mchezo bora utauona umerefushwa makusudi. Nenda kalale, ila usiutangaze kuwa mbovu. Wakati mwingine mchezo wenyewe hauna kazi: waigizaji hawajashika maneno yao, kipaza sauti kinakoroma, na kichekesho pekee ni lafudhi ya kabila fulani inayorudiwa mpaka ukumbi unacheka kwa kuhurumia. Huo usikupotezee muda. Sijawahi kuona mchezo wa aina hiyo ukafufuka baada ya mapumziko.

Kuna aina ya tatu, na hapo ndipo nakuomba uwe mwangalifu: mchezo usioeleweka, unaokukasirisha, unaokufanya uhisi unachezewa. *Waiting for Godot* ya Samuel Beckett ndiyo mfano wake mkubwa. Watu wawili wanamsubiri mtu, na huyo mtu haji. Ulipoonyeshwa London mwaka 1955, chini ya mwongozaji kijana Peter Hall, wapo waliozomea na wapo waliotoka. Miami, Januari 1956, ilikuwa mbaya zaidi. Uliingizwa sokoni kama kichekesho. Watu wakaja wamevaa vizuri kuja kucheka, na sehemu kubwa ya ukumbi haikurudi baada ya mapumziko.

Kisha Novemba 1957 kikundi kimoja cha San Francisco kikaupeleka ndani ya gereza la San Quentin, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Hao hawakuhitaji kuelezwa kusubiri ni nini. Walitulia, wakasikiliza, na gazeti la gereza likauandika kwa uelewa ambao magazeti mengi ya nje hayakuwa nao. Mfungwa mmoja, Rick Cluchey, hakuruhusiwa hata kuingia ukumbini. Aliusikiliza selini kupitia spika. Baadaye akawa mwigizaji, na alipotoka akafanya kazi na Beckett mwenyewe.

Siwalaumu watu wa Miami. Waliuziwa kicheko wakapewa kitu kingine, na ukiuziwa maharage ukapewa choroko una haki ya kukasirika. Lakini kisa hicho kimenifanya niweke kanuni moja: nikichoka, natoka, nikikasirika, nakaa. Hasira ina maana kuna kitu kimenigusa, na nataka kujua ni nini. Michezo kadhaa ninayoikumbuka leo niliitazama nusu nzima nikiwa nimenuna.

(Ukitaka kujua mtazamaji mgumu ni yupi, tazama mchezo wa kitabu cha kutahiniwa pamoja na wanafunzi wa sekondari walioletwa kwa basi la shule. Hawawezi kutoka, basi wanatoka kwa vinywa. Mwigizaji akilegea dakika mbili tu, ukumbi wote unavuma.)

Tatizo siku hizi ni kwamba michezo mingi haina mapumziko: inakwenda moja kwa moja dakika themanini, tisini. Kama una wasiwasi na mchezo, chagua kiti cha pembeni, karibu na njia, ikiwezekana nyuma. Subiri taa zizimwe kati ya onyesho na onyesho, au watu wapige makofi, ndipo uinuke. Shika kiti kwa mkono kisije kikapiga kelele kikijikunja. Kutoka jukwaani, sauti hiyo inasikika vizuri kuliko unavyodhani. Usiwashe tochi ya simu hata kidogo. Na ukishatoka usirudi kwa sababu umesikia watu wanacheka.

Ukumbi mdogo ni habari nyingine. Pale viti vinapozunguka waigizaji na mlango uko upande wao, kutoka ni kupita ndani ya mchezo. Niliwahi kumwona mzee mmoja akikatiza katikati ya "sebule" ya watu. Mwigizaji aliyekuwa mama mwenye nyumba akamshika mkono, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, "Haya baba, wasalimie nyumbani." Ukumbi haukucheka vile usiku mzima. Si kila mwigizaji ana akili nyepesi kiasi hicho, kwa hiyo katika ukumbi wa namna hiyo mimi nakaa, hata nikihesabu mbao za dari.

Nakaa pia kama kuna ninayemfahamu jukwaani. Mtoto wa dada, mfanyakazi mwenzangu, jirani aliyenipa tiketi mwenyewe: hao sitoki, hakuna mjadala. Mwigizaji anajua uliketi wapi. Baadaye akikuuliza, usimdanganye wala usimvunje; tafuta kitu kimoja ambacho kweli kilikuwa kizuri, umtajie hicho, kisha uliza walifanya mazoezi kwa muda gani. Mara nyingi jibu la swali hilo litakueleza kilichoharibika.

Na mwenzako mliyekuja naye? Mimi na mke wangu tulikubaliana zamani: mapumziko yakifika, kila mmoja anasema "nabaki" au "natoka" kabla ya kusikia la mwenzake. Tusingefanya hivyo, mmoja angebaki kwa ajili ya mwingine, na huyo mwingine naye alikuwa amebaki kwa ajili yake. Tukitofautiana, mmoja anakwenda kunywa chai karibu na ukumbi, mwingine anamaliza mchezo, tunakutana. Mwanzoni nilidhani ataona namtelekeza. Kumbe anapenda, maana anarudi na hadithi ya sehemu ya pili ambayo mimi siijui, na mara nyingine anaisimulia vizuri kuliko ilivyochezwa.

La mwisho ni kwa wenye mkono mwepesi wa kuandika mtandaoni. Ukitoka katikati, sema ulitoka katikati. Andika ulichokiona: sauti haikusikika, mhusika mkuu hakuaminika, kichekesho kilikuwa kimoja. Lakini usiseme mchezo uliisha vibaya, kwa sababu wakati unaisha wewe ulikuwa ndani ya matatu.