Maoni ya gemu ya magongo ya barafu: yaliyonipoteza na yaliyonifaa

Kibanda changu cha gemu kiko Kondele, Kisumu, hatua chache kutoka barabarani. Runinga tatu, mashine tatu za gemu aina ya PS4, viti vya plastiki, na feni moja ambayo ikifika saa nane mchana kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kona hii hadi ile. Gemu inayonilisha ni ya kandanda. Kwa hiyo watu walipocheka niliposema nimeagiza gemu ya magongo ya barafu, yaani hoki ya kuteleza juu ya barafu, sikuwalaumu. Barafu tunayoijua sisi Kisumu ni ile inayopondwa na kumwagwa juu ya samaki wa mbuta kabla lori halijaondoka.

Naandika haya kwa sababu wenzangu wawili wenye vibanda, mmoja Kakamega na mwingine Nakuru, wameniuliza swali lile lile: hiyo gemu ya kuteleza inalipa? Maana wakisoma maoni ya wachezaji, huyu anaisifu mpaka unatamani kuuza kuku uinunue, yule anaitukana kama amedhulumiwa shamba. Jibu langu ni kwamba inalipa. Ila mimi nilianza na hasara, na hasara ile niliitafuta mwenyewe kwa kusoma maoni siku mbili mfululizo bila kujiuliza hata mara moja anayeandika anachezea wapi, na nani, kwa intaneti ya nani.

Gemu yenyewe ni ile ya kampuni ya EA Sports inayoitwa NHL, jina la ligi kubwa ya magongo ya barafu ya Marekani na Kanada. Hutoka kila mwaka tangu 1991, mara nyingi Septemba au karibu na hapo, na namba yake hutangulia mwaka: NHL 19 ilitoka 2018. Hiyo ndiyo niliyonunua, kwa sababu wachezaji walikuwa wanaisifia kitu kipya kinachoitwa World of Chel. Unatengeneza mchezaji wako, unamvisha koti na kofia ya sufu, mnacheza watatu kwa watatu nje kwenye ziwa lililoganda. Nikasema hapa ndipo. Vijana wangu wanapenda kuvisha watu nguo, na ziwa tunalo, limebaki kuganda tu.

Diski ilikuja na basi la usiku kutoka Nairobi, imetumika lakini safi. Nikaiweka, ikaanza kudai mzigo mkubwa wa kupakua, bando langu la wiki likaisha kabla ya saa nne asubuhi. Nikaongeza bando. Ndipo nikagundua World of Chel ni ya mtandaoni, na wale waliokuwa wakiisifu hucheza kila mtu sebuleni kwake, kwa mashine yake na intaneti isiyohesabiwa. Mimi nina vijana wawili kwenye benchi moja, pedi mbili za kuchezea, na foleni ya wanne nyuma yao. Nilifunga diski ndani ya droo, ikakaa mwezi mzima. Sikumwambia mtu bei yake, na hata leo siisemi.

Hasira ilipopoa nikarudi kuyasoma maoni yale yale, safari hii kama mtu anayechambua mchele. Nikaona kwamba malalamiko mengi hayanihusu hata kidogo. Wanasema gemu ya mwaka huu haina tofauti na ya mwaka jana. Kwa mtu wa Toronto anayenunua kila toleo kwa bei kamili, hilo ni kosa kubwa na ana haki ya kupiga kelele. Mimi ya mwaka jana sijawahi kuiona. Wanalalamikia Ultimate Team, ule mtindo wa kadi ambao ukitaka timu kali haraka unashawishiwa kutoa pesa halisi. Bila kuingia mtandaoni, ule mtego haukufikii. Wanalalamika kuhusu seva, zile kompyuta za kampuni zinazoendesha mechi za mtandaoni. Seva gani, na mimi nimezima hata waifai?

Sifa nazo zichambuliwe vivyo hivyo. Mtu akisema "mimi na marafiki zangu tunaicheza kila usiku", tafuta kwanza kama marafiki hao wako kwenye kochi moja naye au kila mmoja yuko mji wake.

Halafu tazama namba ya toleo juu ya kila maoni. Hili watu hulipuuza. NHL 15, iliyotoka 2014, ndiyo ya kwanza kwenye PS4, na wachezaji waliichana vibaya kwa sababu ilikuja bila mitindo waliyoizoea kwenye mashine za zamani, pamoja na ligi ya mtandaoni ya klabu. Mwaka uliofuata NHL 16 ikarudisha ligi ile, na hasira ikapungua. Sasa mtu anasoma tusi la NHL 15 halafu anaacha kununua NHL 18 kwa sababu hiyo. Ni sawa na kukataa matatu ya leo kwa sababu ile ya juzi ilikuwa na kiti kilichopasuka.

Maoni yaliyokuwa na faida kwangu yalikuwa mistari miwili mitatu ambayo nilikuwa nimeiruka. Mmoja ulitaja NHL Threes, mtindo ulioingia na NHL 18 na ambao upo pia kwenye diski niliyokuwa nayo droo­ni. Wachezaji watatu na kipa kila upande, uwanja mdogo, sheria chache, mabao mengi, na unachezwa na watu walioketi pamoja. Kumbe dawa nilikuwa nimeifungia ndani ya nyumba.

Nikaitoa. Wa kwanza kuijaribu alikuwa kijana wa boda ambaye kwenye kandanda hafungwi ovyo. Alishika pedi, akabonyeza kitufe cha X kutoa pasi, kama alivyozoea kwenye kandanda. Hakuna pasi. Akabonyeza tena. Mchezaji wake akakipita kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kama matatu iliyokatika breki, akajibamiza ukutani. Kibanda kizima kikaanguka kicheko. Pasi hapa ni kitufe cha R2, kile cha kidole cha nyuma upande wa kulia, na ukikishikilia kidogo inatoka na nguvu. Kupiga ni kijiti cha kulia cha pedi: ukikisukuma mbele ghafla, shuti la kifundo cha mkono linatoka upesi, ukikivuta nyuma kwanza kisha mbele, gongo linanyanyuka na shuti linakuwa zito, lakini linachelewa, na mlinzi anaweza kukukumba kabla hujamaliza. Mtindo huu uliingia na NHL 07, na waliokulia nao hawataki kusikia kingine. Mtu aliyetoka kwenye kandanda, vidole vyake vinamsaliti.

Ushauri wangu: usimlazimishe. Kwenye mipangilio kuna mtindo wa NHL 94, wa vitufe viwili tu, uliopewa jina la gemu ya zamani ambayo wazee wa mchezo huu bado wanaikumbuka kwa mapenzi. Mpe mgeni huo. Akishafunga mabao matano na kuanza kuringa, mwambie kuna namna nyingine. Yule wa boda alihama mwenyewe siku ya nne, baada ya kufungwa na mtoto wa darasa la saba.

Kitu cha pili kinachowashinda ni kuteleza. Kwenye kandanda ukigeuza kijiti, mtu anageuka. Hapa mtu yuko juu ya barafu, mwendo aliokuwa nao unaendelea kumbeba. Wachezaji wengi hulalamika kwamba gemu ni nzito, mtu hageuki. Anageuka, lakini lazima uache kukaza mbio kabla ya kona, kama vile baiskeli ikishuka mlima wa Riat. Ukifika golini kwa kasi yote uliyonayo utalipita lango, uende ukasalimiane na ukuta.

Na kisahani chenyewe, ambacho vijana wangu wanakiita kifuniko, si mpira wa kuviringika. Ni kipande cha mpira mgumu, upana inchi 3, unene inchi 1, uzito kama gramu 170, na kwenye mechi za kweli hugandishwa kwanza ili kisidundedunde. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini kinakaa chini na kwa nini pasi ya ukutani inarudi kwa pembe unayoweza kuikadiria. Mchezaji wa pool anaielewa gemu hii haraka kuliko mchezaji wa kandanda. Nimeona kwa macho yangu.

Sikutarajia kwamba wateja waaminifu wa gemu hii wangekuwa watu wa magongo ya nyasi, ingawa ukifikiria ni jambo la wazi. Ukanda huu una magongo. Shule za Kamusinga, Musingu, Sinyolo: ukisoma sekondari huku unayajua majina hayo hata kama hukuwahi kushika gongo. Kenya ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la magongo kule Barcelona mwaka 1971. Dada mmoja aliyecheza beki enzi zake za shule alipita kununua soda jirani, akasikia kelele, akachungulia. Swali lake la kwanza: "Mbona anaupiga kwa upande wa nyuma wa gongo na refa amenyamaza?" Nikamweleza kwenye barafu pande zote mbili ni halali. La pili: "Kuotea kumetoka wapi tena?" Ana haki, magongo ya nyasi yaliachana na kuotea tangu miaka ya tisini. Kwenye barafu, kisahani lazima kitangulie kuvuka mstari wa bluu wa upande wa wapinzani, ndipo washambuliaji wavuke. Alikaa, akacheza mechi tatu, akaniachia somo ambalo sijalisoma kwenye maoni ya mtu yeyote: mwenye kisahani mwachie kipa, wewe simama katikati uzibe njia ya pasi.

Somo hilo lilituokoa. Maana kuna bao moja ambalo wachezaji dunia nzima hulilalamikia kwenye gemu hizi, na kwa hili nawaunga mkono. Mtu anashuka pembeni, kipa anamfuata, pasi inakatiza mbele ya lango, mwenzake wa upande wa pili anaipiga papo hapo bila kuituliza. Kipa hana la kufanya. Vijana wangu waliligundua ndani ya wiki moja na kuliita "kata". Ikawa mechi nzima ni kata kwa kata, wengine wakaanza kusema gemu imeharibika. Tangu yule dada aonyeshe jinsi ya kuliziba, kata bado ipo lakini unaitolea jasho.

Kuhusu sheria, kwenye mechi za kawaida za watano na kipa, unaweza kuzizima. Anza bila kuotea na bila ile ya kupiga kisahani kutoka nusu yako hadi kupita mstari wa lango la wapinzani, ambayo humfanya mgeni akasirikie runinga. Adhabu usizizime. Mtu akifanya kosa dogo anakaa nje dakika 2, timu yake inabaki pungufu, na wapinzani wakifunga anatoka. Kibandani wanasema "ameingia selo". Hakuna kitu kinachojaza kibanda kama selo ya dakika ya mwisho.

Kwa upande wa biashara nitasema kwa ufupi. Mechi kamili, hata ukipunguza vipindi vyake vitatu, inakula muda, kwa hiyo usiitoze bei ya mechi ya kandanda. Mimi natoza kwa nusu saa, au nawawekea Threes na mshindi awe wa kufikisha mabao tuliyopatana.

Watoto huniuliza kama barafu hiyo ipo Kenya. Ipo. Kuna uwanja ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, tangu 2005. Timu yetu inaitwa Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Nikiwaambia hivyo huniangalia kama nawauzia kitu.

Sasa ununue ipi? Mwenye PS4 achukue diski iliyotumika, kati ya NHL 18 na NHL 20, asiyumbishwe na kelele za mpya. Kuanzia NHL 25 PS4 imeachwa kabisa, ni PS5 na Xbox mpya tu. Mwenye kompyuta asihangaike, toleo la mwisho la kompyuta lilikuwa NHL 09. Ukicheza bila intaneti utawakuta wachezaji kwenye timu walizokwisha kuhama zamani, na kwangu hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamikia hilo. Wanachagua timu kwa rangi ya jezi. San Jose Sharks inapendwa kwa sababu ya papa, na kuna mzee mmoja mvuvi wa Dunga ambaye hachezi ila hutaka Sharks washinde.

Tenga pesa za pedi. Kandanda humaliza kijiti cha kushoto. Hii inamaliza cha kulia, kwa sababu ndicho cha kupigia, na R2 inalegea. Yangu ya kwanza ilianza kujipigia mashuti yenyewe mwezi wa tatu wa kuitumia. Fundi alinitoza shilingi 700, na yule wa boda, ambaye ndiye aliyekuwa akiivuta kama anawasha pikipiki, bado anasema alikuta imeharibika.