Je, ninunue Alan Wake 2 kwa kompyuta yenye GTX 1650?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Morogoro na nina kompyuta mpakato yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tisa, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 512 na kadi ya picha ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4. Nimemaliza mchezo wa Alan Wake Remastered na nikaupenda sana, hasa mapambano ya tochi na bunduki, na sasa nataka kununua sehemu ya pili. Wenzangu wananiambia hautafunguka kabisa kwa sababu kadi yangu haina sheda za meshi. Fundi mmoja amejitolea kuniwekea nakala kutoka kwenye flashi, na binamu yangu ana PlayStation 5. Je, ninunue wa kompyuta, ninunue wa PS5, au niachane nao? Jambo jingine, mdogo wangu wa miaka 12 hupenda kukaa nami ninapocheza. Kuna tatizo lolote?

JIBU: Marahaba. Kwa kompyuta hiyo, usinunue. Kwa PS5 ya binamu yako, nunua, ila kwanza hakikisha kwamba unautaka mchezo wenyewe na si kumbukumbu ya ule wa kwanza, maana sehemu hizi mbili hazifanani kama jina linavyodokeza.

Nianze na sheda za meshi, kwa sababu wenzako wamegusa jambo la kweli lakini wamelihusisha na kadi isiyo yake. Katika mfumo wa zamani wa kuchora, kadi ya picha hupokea umbo zima la kitu, tuseme mti, na kuzipitia pembe zake zote hata zile zilizofichwa nyuma ya mti mwingine. Sheda za meshi huligawa umbo hilo katika vifungu vidogo, kisha kadi huamua mapema ni vifungu vipi mchezaji hataviona na kuvitupa kabla ya kuvifanyia kazi. Remedy, kampuni ya Ufini iliyotengeneza mchezo huu, iliujenga juu ya mfumo huo, na ndiyo maana misitu ya Bright Falls, mji wa kubuni ambamo hadithi inafanyika, ina majani na mizizi mingi kiasi kile. Mchezo ulipotoka tarehe 27 Oktoba 2023, walioumia ni wenye kadi za GTX za mfululizo wa 10 na za Radeon RX za mfululizo wa 5000, ambazo hazina uwezo huo. Mwanzoni mwa 2024 Remedy ilitoa sasisho lililozipunguzia mzigo kadi hizo za zamani. Kadi yako ni ya mfululizo wa 16, ambao umetokana na ukoo mmoja na RTX za mfululizo wa 20. Imenyimwa vitengo vya kufuatilia miale ya mwanga na vile vya akili bandia, lakini sheda za meshi inazo. Kwa hiyo mchezo utafunguka.

Kufunguka, hata hivyo, si kuchezeka. Kiwango cha chini kilichotangazwa mchezo ulipotoka kilikuwa kadi ya RTX 2060 au Radeon RX 6600, kumbukumbu ya kadi ya GB 6 na RAM ya GB 16, na hapo uliahidiwa fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana kila sekunde, katika mipangilio ya chini. RAM unaweza kuiongeza, kwani kompyuta nyingi za aina yako zina nafasi ya pili, na ningekushauri uiongeze hata usiponunua mchezo wowote. Kumbukumbu ya kadi haiongezeki, kwa sababu imechomelewa kwenye bodi. Picha za nyuso, kuta na ardhi zinapozidi GB 4, ziada humwagikia kwenye RAM ya kawaida, na kadi inabidi iwe inazifuata huko. Ndani ya kadi yenyewe data hupita kwa GB 128 kwa sekunde au zaidi, ilhali njia inayoiunganisha na RAM hupitisha takriban GB 16 tu. Matokeo yake ni mchezo unaokwenda vizuri kidogo kisha unakwama, na hukwama hasa unapogeuza kamera kwa ghafla, kwa kuwa ndipo picha mpya zinapohitajika zote kwa mara moja. Katika mchezo wa mpira ungevumilia. Katika mchezo wa kutisha, unageuza kamera kwa ghafla kwa sababu kuna mtu mwenye shoka nyuma yako.

Kuna na suala la ukubwa wa picha. Hata kiwango cha chini nilichokitaja kinategemea teknolojia ya kukuza picha, yaani kadi huchora picha ndogo kisha programu huikuza ili ijaze kioo. RTX 2060 hutumia DLSS ya NVIDIA, ambayo inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kadi yako haina vitengo vinavyohitajika kwa DLSS, hivyo ungebaki na FSR ya AMD. Katika ngazi inayolenga kasi, picha ya pikseli 1920 kwa 1080 huchorwa kwanza ikiwa na pikseli 960 kwa 540, yaani robo ya pikseli zote. Matawi membamba na mvua huanza kumetameta na kuchezacheza pembezoni mwa macho, na ndani ya msitu wenye giza hutajua kama kilichotikisika ni adui au ni kasoro ya picha. Mchezo huu unategemea sana kuona nusu nusu, nao ukiuona hivyo utakuwa umelipia hofu isiyo yake.

Huenda umefikiria kununua, kujaribu na kurudisha. Kwenye kompyuta mchezo unauzwa katika duka la Epic, si Steam, na duka hilo hurejesha fedha iwapo hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Ni utaratibu mzuri, lakini mchezo unahitaji nafasi ya takriban GB 90 kwenye SSD, na kushusha faili za ukubwa huo kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua kama saa 20 mfululizo. Epic itakurudishia fedha za mchezo. Bando hakuna atakayekurudishia. Kwa mwenye intaneti ya faiba isiyo na ukomo jaribio hilo lina maana, lakini kwa anayenunua GB kwa simu, gharama ya kujaribu inaweza kukaribia gharama ya kununua.

Nakala ya fundi wako sitaijadili sana. Ukiacha suala la haki za watengenezaji, nakala za aina hiyo huganda kwenye toleo zilipotolewa, na mchezo huu umebadilishwa mno na masasisho yaliyofuata. Isitoshe, faili la kusakinisha lililopitia mikono usiyoijua ndiyo njia nyepesi kabisa ya kuingiza programu hasidi kwenye kompyuta unayotumia pia kwa masomo na miamala ya fedha.

Tuje kwenye PS5. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwombe binamu yako atazame maktaba ya akaunti yake. Alan Wake 2 ulikuwa miongoni mwa michezo ya mwezi ya PlayStation Plus ya Oktoba 2025, na kama aliuchukua wakati huo na bado analipia huduma hiyo, tayari anao. Kama hana, tafuta diski. Mchezo ulipotoka ulikuwa wa kupakua tu, kwa dola 59.99 kwenye konsoli na dola 49.99 kwenye kompyuta, na lawama zilikuwa nyingi. Oktoba 2024 toleo la Deluxe likatoka kwenye diski kwa PS5 na Xbox Series X. Kwa mazingira yetu mimi huipendelea diski, kwa sababu hupunguza mzigo wa kupakua na, ukishamaliza, unaweza kuiuza au kumwazima mwenzako. Kwenye mipangilio kuna njia mbili, moja inayotanguliza ubora wa picha kwa fremu 30 kwa sekunde na nyingine inayotanguliza kasi kwa kulenga fremu 60. Chagua ya kasi. Tofauti ya picha utaisahau baada ya dakika chache, lakini wepesi wa kulenga tochi utaufurahia hadi mwisho. Akitokea mtu wa kukuuzia Xbox Series S kwa bei ya chini, fahamu kwamba mashine hiyo inaishia kwenye fremu 30 kwa mchezo huu, na kwamba haina mahali pa kuweka diski.

Sasa suala ambalo hukuliuliza moja kwa moja, na ambalo naliona zito kuliko kadi. Unasema uliupenda ule wa kwanza kwa ajili ya mapambano. Mchezo wa 2010, ambao uliboreshwa picha na kutolewa upya 2021, ni wa mbio na risasi: maadui wanakuja kwa makundi, unalichoma kwa tochi giza linalowalinda, unawamaliza, unakimbilia taa inayofuata. Sehemu ya pili imeuacha mwendo huo kwa makusudi. Maadui ni wachache na wagumu zaidi. Risasi, betri na dawa vinagombea nafasi katika mkoba wenye vyumba vya kuhesabika, hivyo utasimama mara kwa mara ukijiuliza uache nini. Unahifadhi maendeleo yako kwa kufika kwenye chumba cha mapumziko chenye chupa ya chai, na safari kati ya chumba kimoja na kingine inaweza kuwa ndefu. Unaweza kutembea muda mrefu bila kufyatua risasi, ukisoma barua, ukizungumza na watu wa mjini na kutazama vipande vya filamu vilivyoigizwa na watu halisi na kuingizwa ndani ya mchezo.

Wahusika wa kuchezwa ni wawili. Saga Anderson ni mpelelezi wa FBI anayefika Bright Falls, katika jimbo la Washington, kuchunguza mauaji ya kitambiko, na kazi yake ni kupanga ushahidi ukutani katika chumba kilichomo akilini mwake. Tahadhari, mchezo hausimami ukiwa humo, na adui aliye karibu ataendelea kukusogelea. Alan Wake mwenyewe, ambaye ni mwandishi wa hadithi, amenaswa kwa miaka 13 katika ulimwengu wa giza wenye sura ya New York, ambako mitaa imejaa vivuli vinavyonong'ona. Vingi havikudhuru, vingine vinakushambulia, na huwezi kuvitofautisha hadi uvimulike, huku betri zikizidi kupungua. Binafsi naona sehemu za Alan zimebuniwa kwa ustadi zaidi, hasa pale anapohamisha mwanga kutoka taa moja hadi nyingine na chumba kizima kikabadilika mbele ya macho yake, ingawa sehemu za Saga ndizo zinazotisha kwa namna ya kawaida. Katika tuzo za The Game Awards za 2023 mchezo huu ulishinda kwa uongozaji, masimulizi na mwelekeo wa sanaa, na tuzo hizo zinakueleza nguvu yake iko wapi. Mwenye kiu ya kupiga risasi anaweza kuchoka kabla hajafika katikati. Ikiwa kilichokushika katika ule wa kwanza ni kitendawili cha mwandishi ambaye hadithi zake zinageuka kuwa kweli, basi huu ni wako, tena umekwishapata utangulizi unaotakiwa.

Kama wewe ni wa risasi, au kama PS5 haitapatikana kwa sasa, kuna mchezo wa kampuni hiyohiyo ambao kompyuta yako inaumudu. Control, wa 2019, unafanyika katika ulimwengu uleule wa hadithi, na nyongeza yake iitwayo AWE, iliyotoka 2020, inamrudisha Alan Wake na kuandaa njia ya sehemu ya pili. Kiwango chake cha chini ni GTX 780, unahitaji GB 42 za nafasi, na mapambano yake ni ya kasi kweli kweli. Tafuta toleo la Ultimate, ambalo nyongeza zote mbili zimo ndani yake, na uweke mipangilio ya picha katikati.

Kuhusu mdogo wako, jibu ni hapana. Alan Wake 2 umepewa daraja la miaka 18 Ulaya na miaka 17 kwenda juu Marekani, na madaraja hayo hayakutolewa kwa bahati mbaya: mauaji ya kitambiko yako mwanzoni kabisa, na muda mfupi baadaye Saga anaikagua maiti isiyo na moyo. Ni kweli kwamba masasisho yameleta vidhibiti vya kupunguza ukali na sauti ya picha za kutisha zinazochomoza ghafla, na lile la Oktoba 2024 likaongeza misaada kama risasi zisizoisha na mchezaji asiyekufa. Hiyo inamsaidia mtu mzima anayetaka hadithi bila kuteseka, na wewe mwenyewe usione aibu kuitumia, lakini haiondoi damu wala maiti. Control nao si wa umri wake. Basi cheza yeye akiwa amelala, ukiwa umevaa hedifoni, ambazo ungezihitaji hata kama ungekuwa peke yako nyumbani, kwa sababu mara nyingi utasikia adui yuko upande gani kabla tochi haijamfikia.