Anko wa Mirathi: "Kaka anataka mama asaini kila kitu kabla ya Desemba 31"

SWALI: Anko shikamoo. Tuko wanne, mama ana miaka 78, baba alishatangulia. Mama ana nyumba tatu za kupangisha, na ile anayoishi, na hisa nyingi za kampuni waliyoanzisha na baba, anaumwa-umwa ila akili timamu kabisa. Sasa kaka mkubwa kasikia sheria ya kodi ya mirathi inaweza kubadilika mwakani, katuita kikao, anataka mama atuandikishe kila kitu kabla ya tarehe 31 Desemba eti tukichelewa serikali itakula nusu. Mama kasema sawa. Ila juzi usiku nimemkuta kakaa na zile hati mezani anazipanga na kuzipangua, hajasaini hata moja. Tufanyeje?
Kitinda mimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo meza maana umeiweka mwisho wakati ndo swali lenyewe. Mtu aliyesema sawa mbele ya watoto wanne halafu usiku anazipangua hati, huyo hajasema sawa. Na hata sheria inalijua hilo, zawadi iliyotolewa kwa kushinikizwa inaweza kufutwa mahakamani, na atakayeenda kuifungulia kesi wala si mtu baki, ni mmoja wenu humo humo ndani. Mama apate wakili wake mwenyewe, asiyelipwa na kaka, na wakae wawili tu mlango umefungwa.

Haya, presha ya kaka. Siyo kwamba kaota, sheria hizi kweli zinabadilika, lakini angalia Marekani ilivyokuwa. Mwaka 2012 mtu aliruhusiwa kuacha dola milioni 5.12 bila kodi ya mirathi, na ilikuwa imeandikwa kabisa kwamba Januari mosi 2013 kiwango kinashuka hadi milioni 1. Desemba hiyo familia zenye hela zilikimbizana kugawa mali, mawakili hawalali, halafu tarehe 2 Januari ikasainiwa sheria mpya, kiwango kikabaki juu ya milioni 5. Ikaja tena, safari hii watu wakaambiwa kiwango kitakatwa karibu nusu mwisho wa 2025, na Julai 2025 ikapitishwa sheria ya kukipandisha hadi milioni 15 kuanzia 2026. Waliogawa vitu wasivyovihitaji hawakupoteza kitu, waliogawa hadi pa kulala kwa sababu ya uoga ndo walibaki wanawaomba watoto hela ya matumizi.

Kwa hiyo mama ajiulize swali moja tu: hiki nikikitoa leo na sheria isibadilike, nitakililia? Kama ndiyo, asikitoe.

Nyumba anayoishi muiache kabisa. Uingereza kwa mfano ukimpa mtoto nyumba halafu ukaendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango ya bei ya soko, siku ukifa inahesabiwa bado ni yako, yaani hati imehama lakini kodi haijahama. Na hizo za kupangisha nazo zina mtego wake. Marekani nyumba iliyonunuliwa kwa laki moja na sasa ni laki tisa, mtoto akipewa mzazi akiwa hai anarithi na ile bei ya zamani, akiiuza anatozwa kodi kwenye faida ya laki nane yote, ila akiipata kwa mirathi hesabu inaanzia thamani ya siku mzazi alipofariki. Kwa hiyo kaka anaweza akawaokoa na kodi moja akawatumbukiza kwenye nyingine. Kwenu sheria inasemaje mhasibu atawaambia, ila mumuulize KABLA ya kusaini, sio baada.

Kampuni ndo ningeanza nayo, polepole. Hisa zinaweza kugawanywa zenye kura na zisizo na kura, mama akatoa hizi zisizo na kura akabaki na usukani. Ila mthamini apige hesabu kwanza na ripoti yake muitunze, thamani ya kukisia ndo kitu cha kwanza watu wa kodi wanakidaka.

Halafu kuna kitu familia nyingi zenye mali hazikifikirii: kodi ya mirathi inadaiwa kwa cash. Marekani ni ndani ya miezi 9 tangu kifo. Mkiwa na majumba na hisa tu, benki hamna kitu, mtauza nyumba kwa bei ya kutupa huku mnalia msiba.

Na hiyo Desemba 31 muiangalie vizuri, si kila nchi mwaka wa kodi unafunga siku hiyo, Uingereza ni Aprili 5. Pale unapofunga Desemba na mama anataka kutoa zawadi ndogo ndogo za kila mwaka zisizotozwa kodi, atoe mapema, hundi iliyokaa kwenye droo hadi Januari inaweza kuhesabiwa ya mwaka mpya.

SWALI: Anko, niliachana na mke wangu wa kwanza na wosia nimeshabadilisha, lakini kazini kwenye akiba ya uzeeni sikumbuki kama nilitoa jina lake. Wosia si unatosha?

JIBU: Hautoshi ndugu yangu. Mara nyingi hela ya namna hiyo inafuata fomu uliyojaza kazini kumtaja atakayelipwa ukifa, wosia hauigusi. Kuna mfanyakazi Marekani aliachana na mkewe 1994, mke akakubali hadi kwenye hati ya talaka kwamba hiyo akiba hana haki nayo, jamaa akafariki 2001 fomu haijaguswa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema kulipa kwa kufuata fomu kulikuwa sahihi, na mtalaka alishachukua dola 402,000, binti wa marehemu anaangalia tu. Kesho asubuhi nenda utumishi, omba kuiona fomu kwa macho yako, ubadilishe, uondoke na nakala yenye muhuri.