Msicheke Sunderland mapema

Yaya, mkubwa wangu, unasema Sunderland, ile klabu ya Uingereza, ilishuka kutoka ligi kuu ikarudi mwaka uliofuata? Hapana, hiyo ni sisi mashabiki wa Newcastle: tulishuka 2016, Mbemba, beki wetu Mkongo, akiwemo, tukarudi 2017 kama mabingwa wa daraja la pili. Sunderland wao walishuka 2017 wakiwa wa mwisho, 2018 wakaburuta mkia tena, wakatumbukia daraja la tatu. Misimu minne humo! Hapa komini Kenya, Lubumbashi, nganda (baa) nzima ilicheka, mimi nikapiga meza hadi bia ya Simba ya jirani ikamwagika (nilimlipa). Haya, 2025 wamepanda ligi kuu, na hawakukawia kumchukua Mkongo wetu Sadiki, wakaongeza na Mkongo mwingine, Masuaku. Sasa mdogo wangu anavaa jezi yao ndani ya nyumba yangu.